Kumkanda mgonjwa wa saratani: faida zake na mipaka yake

Kukandwa kwa mkono mwepesi kunaweza kumpunguzia mgonjwa wa saratani maumivu na wasiwasi, japo kwa muda. Hakuponyi saratani wala hakuchukui nafasi ya dawa. Tena mkono uleule unaotuliza unaweza kudhuru ukiminya mahali pasipofaa, hasa kwenye uvimbe ambao bado haujapimwa hospitalini.

Je, kukanda husambaza saratani?

Kwa miaka mingi wakandaji walionywa wasiwaguse wagonjwa hawa, kwa hofu kwamba kuchochea mzunguko wa damu kungezibeba chembe za saratani na kuzipeleka kwingine. Kwa ukandaji wa upole unaoepuka uvimbe, hofu hiyo haijathibitishwa. Kutembea na kufanya kazi za nyumbani pia huongeza mwendo wa damu, na mgonjwa hakatazwi kutembea.

Utafiti unaonyesha nini?

Mwaka 2004, watafiti wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa taarifa za wagonjwa 1,290 waliokandwa katika kipindi cha miaka mitatu. Wagonjwa walipojipima kabla na baada ya kukandwa, ukali wa dalili zao ulipungua kwa takriban nusu. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha watu 380 wenye saratani iliyokwisha kuenea. Baadhi walikandwa, wengine waliwekewa mikono tu mwilini bila kukandwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliokandwa walipata nafuu kubwa zaidi papo hapo, lakini baada ya wiki kadhaa tofauti haikuonekana.

Mkono unaovimba baada ya upasuaji

Matezi ya kwapani yanapoondolewa kwa sababu ya saratani ya matiti, majimaji ya limfu yanaweza kukusanyika na mkono ukavimba. Kwa hali hii kuna ukandaji maalumu ulioasisiwa na Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid katika miaka ya 1930. Mkandaji huisogeza ngozi taratibu bila kuminya misuli, na kwa kawaida mkono hufungwa bendeji za kubana. Kazi hii ni ya mtaalamu aliyefunzwa. Kuuchua mkono huo kwa nguvu kunaweza kuuongezea uvimbe.

Wakati wa kujizuia

Usikande juu ya uvimbe, kidonda, ngozi iliyochomwa na mionzi au mahali palipopasuliwa karibuni. Saratani ikiwa imeingia kwenye mifupa, hata nguvu ya kawaida inaweza kuivunja. Dawa za saratani zikiwa zimepunguza chembe zinazogandisha damu, mgonjwa huvilia damu kwa urahisi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiuchue: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa linaweza kufika mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja.

Tumbo la mtoto

Hapa onyo ni kali zaidi. Uvimbe wa Wilms ni saratani ya figo ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Mara nyingi mzazi huugundua anapomwogesha mtoto na kuhisi kitu kigumu tumboni. Uvimbe huo ukiminywa unaweza kupasuka na kumwaga chembe za saratani ndani ya tumbo, na matibabu yakawa magumu zaidi. Kwa sababu hiyo hata madaktari huupapasa kwa uangalifu mkubwa. Mtoto mwenye uvimbe tumboni asipelekwe kwa mkandaji; apelekwe hospitali. Saratani hii ikiwahiwa, watoto wengi hupona.

Kukanda na tiba shufaa

Katika matunzo ya kupunguza mateso, kukanda huandamana na dawa. Nchini Uganda, ambako Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, mofini ya maji hutumika kutuliza maumivu makali, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika.

Nyumbani, jamaa waanze kwa kumuuliza daktari au muuguzi ni sehemu zipi za mwili zisiguswe. Kisha wamwombe mgonjwa ruhusa, wanawe mikono, na kwa mafuta yasiyo na manukato wapapase viganja au nyayo kwa upole kwa dakika chache. Mgonjwa akisema panauma au inatosha, waache.