Karne Tatu za Kusaka Hariri ya Buibui

Mwaka 1709, François-Xavier Bon, mkuu wa mahakama ya hesabu mjini Montpellier, Ufaransa, aliwaonyesha wanazuoni soksi na glavu za kijivu zilizotengenezwa kwa hariri ya buibui. Hakuitoa hariri hiyo kwenye utando wa pembe za nyumba. Aliitoa kwenye mifuko ambamo buibui jike hufungia mayai yake. Mifuko ilikusanywa, ikapigwapigwa kutoa vumbi, ikaoshwa, ikachemshwa kwa sabuni, shura na gundi, kisha ikachanwa na kusokotwa kama sufu.

Buibui hana uzi wa namna moja. Tumboni ana tezi kadhaa, kila moja na hariri yake, na zote hutokea kwenye vichuchu vilivyo mwisho wa tumbo. Katika jamii nyingi, hariri ya kufungia mayai ina tezi zake, nazo wanazo majike peke yao. Bon alivutiwa nayo kwa kuwa aliikuta imeshalundikwa pamoja.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa mwanasayansi Réaumur kazi ya kuchunguza kama biashara ya hariri hiyo ingelipa. Jibu lake la mwaka 1710 lilikuwa kali: ratili moja ya hariri ingehitaji buibui 27,648. Tena buibui wakiwekwa pamoja hulana, na nzi wa kuwalisha wote wangepatikana wapi?

Mwishoni mwa karne ya 19, Paul Camboué, padri Mjesuiti aliyeishi Antananarivo, alimgeukia buibui mkubwa ambaye Wamalagasi humwita halabe. Huyu hakuporwa mayai. Alishikwa taratibu, uzi ukavutwa moja kwa moja kutoka vichuchuni, mrefu, usiokatika, wenye rangi ya dhahabu isiyotiwa dawa. Mwenzake, Nogué, akaunda mashine ya mkono iliyobana buibui 24 kwa pamoja na kukunja nyuzi zao. Mapazia ya kitanda yaliyotokana na kazi hiyo yalionyeshwa Paris mwaka 1900.

Mashine ya aina hiyo ilifufuliwa Madagaska na Mwingereza Simon Peers pamoja na Mmarekani Nicholas Godley. Halabe zaidi ya milioni moja walikamatwa, wakavutwa uzi na kurudishwa porini. Kitambaa chao cha dhahabu kilitundikwa katika jumba la makumbusho New York mwaka 2009, na mwaka 2012 joho la hariri hiyohiyo likaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Hata hivyo, hesabu ya Réaumur haijapinduliwa. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi na huvumilia kubanana na wenzake; buibui hutaka windo hai na nafasi yake mwenyewe. Ndiyo maana nguo za hariri yake zimeishia kwenye maonyesho, hazikufika sokoni.