Kubadilisha transdusa ya kipima kina kwenye boti kongwe ya matanga

Skrini ya kipima kina ikianza kuonyesha vistari badala ya namba, wenye boti wengi hukimbilia kununua transdusa mpya. Mimi huwaambia wangoje kwanza. Boti za matanga ninazozihudumia Kilifi na Mtwapa nyingi ni za faiba, zimeundwa miaka ya 1970 na 1980, na zimepita mikono ya watu wanne watano kabla ya kutia nanga kwetu. Kila mmoja wao ameacha waya wake, na mara nyingi ugonjwa uko huko.

Transdusa ni kile kidude cha duara kilichopita kwenye tundu tumboni mwa boti, uso wake ukitazama chini. Ndani yake mna kigae cha kauri kinachotetemeka kikipewa umeme. Hutoa mlio tusioweza kuusikia, mlio ukagonga sakafu ya bahari na kurudi. Ndani ya maji ya bahari sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye maji ya mita 15 safari yote ya kwenda na kurudi ni sehemu 2 tu za mia ya sekunde. Skrini kazi yake ni kuhesabu muda huo.

Basi kabla ya kutoa pesa, vaa miwani ya kuzamia ukaitazame. Boti ikilala mwezi mmoja katika maji vuguvugu ya kreki, uso wa transdusa hufunikwa na chaza wadogo na utelezi, na mlio hauwezi kupita. Uparue kwa kipande cha ubao, usitumie kisu. Kisha fungua plagi nyuma ya skrini: ukiona unga wa kijani, hiyo ni kutu ya shaba, isafishe ujaribu tena. Na kama vistari huonekana ukiwa nje ya mwamba tu, kifaa chako ni kizima. Pwani yetu huporomoka haraka ukishatoka nje, na vipima kina vidogo huishiwa na nguvu humo.

Ikiwa kweli imekufa, usinunue kwa kutazama picha. Skrini ya zamani haielewani na kila transdusa mpya. Lazima zitumie masafa yale yale, aghalabu kilohezi 50 au 200, na lugha moja ya umeme. Mara nyingine ni nafuu kubadilisha vyote viwili. Tazama pia boti yako ni ya nini. Chombo cha mbao kinataka transdusa ya bronzi, maana mbao hufura zikinywa maji na huipasua ya plastiki. Chombo cha chuma au alumini kinataka ya plastiki, kwa sababu bronzi itakufanya ule mwili wa boti kwa kutu. Faiba inakubali zote.

Halafu pima tundu. Kwenye boti nyingi tundu ni milimita 51, lakini si zote. Mpya ikiwa nene zaidi, ziba tundu la zamani kwa gogo la mti lililochongwa likabana, upate mahali pa kushika ncha ya msumeno wa duara, kisha toboa upya. Mpya ikiwa nyembamba, kuna watu hujaza nafasi kwa gundi na kusema tayari. Hiyo siyo kazi. Tundu lichongwe mteremko kuzunguka ukingo, upana wake kama mara 12 ya unene wa faiba, lijazwe vitambaa vya faiba na epoksi, kisha litobolewe jipya.

Ipo njia isiyohitaji tundu kabisa, nami naipenda kwa mwenye boti ya faiba tupu. Transdusa ya aina hiyo hugandishwa ndani, mbele ya mkuku, ikapiga mlio kupitia faiba yenyewe. Unapoteza nguvu kidogo kwenye maji ya kina, lakini kwa kreki na milango ya miamba inatosha. Haifanyi kazi kwenye mbao, wala kwenye faiba yenye sponji au mbao nyepesi katikati. Wazungu hujaribia mahali kwa mfuko wa plastiki uliojazwa maji. Kwetu mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo mimi humwaga maji ya vidole viwili ndani ya ngama na kuishikilia transdusa humo, uso chini. Namba ikitulia, hapo ndipo mahali pake. Ukiiganda kwa epoksi usiache hata povu moja, kwani hewa huuzima mlio.

Wanaobaki na tundu wasikilize hesabu hii. Tundu la milimita 51 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika. Pampu ndogo ya ngama, hata boksi likisema lita 70, haina ubavu huo. Ndiyo maana sikubali kazi hii ifanywe baina ya maji mawili. Najua bamvua yetu hupita mita 3 na chombo huweza kupwelezwa mchangani na kutiwa magadi, na kwa kuparua na kupaka rangi hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Lakini gundi ya kuziba inataka siku kadhaa kukauka, na boti kongwe haikosi kukuficha jambo: nati iliyoganda, au mbao iliyooza ndani ya faiba. Ukiyagundua hayo saa ya maji kujaa, bahari haikungoji. Pandisha boti nchi kavu.

Kutoa ya zamani ndiyo jasho lenyewe. Nati ya ndani ikikataa spana, ikate kwa tindo au msumeno wa chuma. Usiigonge transdusa kwa nyundo kutoka ndani mpaka faiba ya nje ibanduke. Transdusa ni ya kutupwa, boti siyo. Kabla ya kuvuta waya wa zamani, ufunge uzi mrefu mwishoni, nao ndio utakaokuvutia mpya. Chunguza ukingo wa tundu kwa ncha ya bisibisi. Ukikuta weusi na unyevu, kwangua, acha pakauke kabisa, kisha funga kwa epoksi.

Wakati wa kutia mpya, safisha faiba kwa msasa na asetoni, lakini asetoni isiguse transdusa ya plastiki, itaila. Penye mteremko, weka kabari iliyochongwa ili uso utazame chini wima. Gundi iwe ya baharini, kama Sikaflex 291. Silikoni ya dukani haifai chini ya maji, na 3M 5200 inashika mno hata atakayebadilisha baadaye atakulaani. Paka kwa wingi, itoke pande zote, kaza nati kwa kiasi. Waya usiukate, hata ukiwa mrefu. Uzungushe na kuufunga, mbali na waya za injini na redio. Rangi ya kuzuia chaza usoni mwake iwe ya maji, koti moja jembamba.

Siku ya kushusha, funga gogo la mti la ukubwa wa tundu kando yake kwa kamba. Boti ikigusa maji, usiiachie. Kaa ndani robo saa na kitambaa kikavu mkononi, ukipapasa chini ya nati. Usiku wa kwanza lala humo.

Kisha chukua bildi. Risasi na kamba yenye alama za mita haina betri, na ukipaka grisi chini yake hukwambia kama chini pana mchanga au tope. Pima, linganisha na skrini. Tuseme transdusa iko nusu mita chini ya uso wa maji, na mkuku unafika mita 1.8. Ukitaka kina chote, jumlisha 0.5 kwenye mipangilio. Ukitaka maji yaliyobaki chini ya mkuku, toa 1.3. Chagua moja, uiandike kwa kalamu isiyofutika kando ya skrini, maana mwenzako akishika usukani usiku kwenye mlango wa Kilifi, namba 2 kwako ni salama na kwake ni mwamba.