Theluthi Mbili za Gunia

Mwaka 1903 K. E. Borup, mmisionari aliyeiongoza Uganda Company, aliagiza mbegu za pamba zikagawiwe machifu wa Uganda. Zao likaenea Bukedi hadi Tororo, na upande wa Kenya Wasamia na Wateso wakalilima pia. Malakisi na Samia zikapata vinu vyake vya kuchambulia.

Ukichambua kilo 3 za pamba, nyuzi hazizidi sana kilo 1. Zilizobaki ni mbegu. Wenye vinu walizifuata nyuzi, na marobota yakaenda Lancashire na Bombay. Mbegu kiasi zilirudi kwa wakulima zipandwe. Nyingine zilitiwa kwenye tanuri la boila badala ya kuni, maana nauli ya kuzifikisha Mombasa ilikuwa mzigo. Mkulima alikuwa amezipalilia pamoja na nyuzi, kwa jasho lilelile, na bado bei ikafuata ubora wa nyuzi. Hilo naliona dhuluma.

Reli kutoka Nakuru ilipita Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikafika Kampala 1931. Kufikia hapo Wamarekani walikwisha kujua kuyatoa mafuta ya pamba harufu; Procter & Gamble walianza kuuza Crisco, mafuta ya kupikia ya mbegu za pamba, mwaka 1911. Uganda nayo ikapata viwanda vya mafuta na sabuni, vya Muljibhai Madhvani vikiwamo.

Mbegu yenyewe inastahili kutazamwa. Ikitoka kwenye kinu bado ina manyoya mafupi ya kijivu. Yakikwanguliwa hutengenezewa karatasi ya noti, na wakati wa vita yalitengenezewa baruti. Ipasue uone vitone vyeusi: hiyo ni gosipoli, sumu kwa kuku na nguruwe, ingawa ng'ombe aliyekomaa huistahimili kwa kiasi. Kwa hiyo mafuta ghafi husafishwa kwa kostiki soda, na utelezi mzito unaotengana nayo hupikwa sabuni. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua hulishwa ng'ombe wa maziwa.

Uganda na Kenya kilichokosa soko kwa muda mrefu ni mashina. Kanuni za kilimo ziliagiza yang'olewe na kuchomwa kila msimu, ili funza wa vitumba asipate pa kujificha, na kwa hilo zilikuwa sahihi. India baadhi ya mashina kama hayo husagwa na kutengenezewa mbao za chembechembe zilizogandamizwa, na funza hufa vilevile.