Kwa nini kampuni huzaliwa kwa karatasi

Anayesajili kampuni Tanzania hukutana na mlolongo wa nyaraka: jina lililokubaliwa na Msajili, katiba ya kampuni yenye saini za waanzilishi, fomu inayotaja wakurugenzi, katibu na anwani ya ofisi, tamko kwamba masharti ya sheria yametimizwa, na siku hizi taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu hasa wanaofaidika nyuma ya hisa. Wafanyabiashara wengi huuona mlolongo huo kuwa vikwazo vya maofisa wanaotafuta ada. Historia inasema jambo jingine. Wajibu wa kujiandikisha hadharani uliitangulia kinga anayoipata mwanahisa dhidi ya madeni ya kampuni, na bila wajibu huo kinga yenyewe ingekuwa dhuluma kwa kila anayekopesha. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la Afrika Mashariki halimo katika kudai karatasi, bali katika kuziweka mahali ambapo wanaopaswa kuzisoma hawazifikii.

Sheria zetu za makampuni zina asili Uingereza. Mwaka 1720 Bunge la huko lilipitisha sheria inayojulikana kama Bubble Act, iliyozuia watu kujiundia kampuni za hisa bila hati ya mfalme au idhini ya Bunge. Sheria hiyo ilifutwa 1825, lakini hati ya mfalme iliendelea kuwa ghali na ngumu kupatikana, kwa hiyo biashara nyingi zilijiunda kwa mikataba ya faragha. Mtu wa nje hakuweza kujua wanachama ni akina nani, mtaji ni kiasi gani, wala amshitaki nani deni lisipolipwa. Utapeli ulistawi humo, hasa katika kampuni za bima zilizokusanya akiba za watu na kutoweka. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na William Gladstone ililichunguza jambo hilo, na mwaka 1844 ikapatikana sheria iliyoanzisha ofisi ya Msajili wa Makampuni. Usajili ulikuwa wa hatua mbili, wa muda na kisha kamili, na kila hatua ilikuwa na nyaraka zake. Hata hivyo sheria hiyo haikumpa mwanahisa kinga yoyote. Kampuni ikifilisika, wadai wangeweza kumfuata hadi mali yake ya mwisho. Dhima yenye ukomo ilikuja 1855, miaka 11 baadaye, tena kwa masharti: wanahisa wasipungue 25, na jina la kampuni liishie na neno Limited ili kila anayefanya nayo biashara aonywe. Mwaka uliofuata mwanasiasa Robert Lowe aliisukuma sheria mpya iliyopunguza idadi hadi watu saba wanaotia saini waraka wa kuanzisha kampuni, na iliyoambatanisha mfano wa katiba kwa wasiotaka kujiandikia yao. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali haina kazi ya kupima kama biashara fulani itafaulu. Iwaache watu waungane, mradi umma ujue unashughulika na nani.

Uzito wa hoja hiyo ulionekana katika kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Salomon aliiuza biashara yake kwa kampuni yenye wanachama saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Kati ya hisa 20,007 zilizotolewa, 20,001 zilikuwa zake, na juu ya hapo alijipatia hati za dhamana za pauni 10,000 zilizompa haki ya kulipwa kabla ya wengine. Biashara ilipoanguka, wadai wasio na dhamana hawakubakiziwa kitu. Mahakama mbili za chini zilimkasirikia Salomon, lakini mwaka 1896 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho, iliamua kwamba kampuni ni mtu mwingine kisheria na kwamba mwanahisa hadaiwi madeni yake. Lord Macnaghten, mmoja wa majaji hao, aliwajibu wadai kwamba walijua hawashughuliki tena na mtu binafsi, na kwamba wanahesabiwa kuufahamu waraka wa kampuni na katiba yake. Uamuzi huu hutajwa katika kila darasa la sheria ya makampuni, lakini hapa ndipo ninapotaka msomaji atue. Haki ya kumnyima mdai fedha zake imejengwa juu ya dhana kwamba alikuwa na nafasi ya kusoma. Ukiiondoa nafasi hiyo, kilichobaki ni mtu kukopa kwa jina moja na kukwepa kulipa kwa jina jingine.

Haimaanishi kila ukurasa ulistahili kuwepo. Kipengele cha malengo ya kampuni ni ushahidi mzuri wa karatasi iliyopotea njia. Mwaka 1875, katika kesi ya kampuni ya mabehewa ya Ashbury iliyoingia mkataba wa kugharimia ujenzi wa reli Ubelgiji, House of Lords iliamua kuwa mkataba ulio nje ya malengo yaliyoandikwa ni batili, hata wanahisa wote wakiuridhia. Mawakili wakajihami kwa kuorodhesha kila biashara waliyoweza kuifikiria, na kufikia 1918 majaji wenyewe walikuwa wakilalamikia nyaraka hizo ndefu zilizoficha shughuli halisi ya kampuni. Kenya iliondokana na mzigo huo kwa sheria yake ya 2015: kampuni inaweza kufanya shughuli yoyote halali isipokuwa katiba yake imejizuia. Vivyo hivyo idadi ya waanzilishi imeshuka kutoka saba hadi wawili kwa kampuni binafsi, kuanzia sheria ya Uingereza ya 1907, na leo Kenya mtu mmoja anatosha. Yaliyopunguzwa ni mambo yasiyomsaidia mdai kujua chochote. Majina ya wakurugenzi, anwani na mtaji yamebaki.

Tanganyika iliupokea mfumo huu kwa sheria ya makampuni ya 1932, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1929. Ilidumu kupita ukoloni, Uhuru na Azimio la Arusha, hadi Sheria ya Makampuni ya 2002 ilipoanza kutumika 2006. Wapo wanaosema basi kwamba makaratasi haya ni urithi wa mkoloni, na tuyatupe. Lakini kinga ya mwanahisa nayo ni urithi huohuo, na sijasikia mfanyabiashara akiomba ifutwe. Tulichorithi vibaya ni umbali. Majalada yalikaa Dar es Salaam, kwa Kiingereza, huku mwenye ghala Mwanza au mkulima wa Mbeya aliyeuza mazao kwa mkopo akihesabiwa kuyajua yaliyomo. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, umehamishia usajili mtandaoni tangu 2018, na hilo limepunguza safari. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria yamefungua mlango wa pili. Mlango huo usiishie kwenye vitabu vya sheria: katiba ya kampuni iliyoandikwa kwa Kiswahili ni ulinzi wa kweli kwa anayeikopesha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tapeli naye hujaza fomu. Ni kweli, na Uingereza imelipa gharama ya kulisahau. Kwa muda mrefu Msajili wa huko alipokea taarifa bila kuzihakiki, na kampuni zikasajiliwa kwa majina ya uongo na anwani za watu wasiojua lolote. Sheria ya 2023 imempa mamlaka ya kuhoji na kukataa taarifa, na imewataka wakurugenzi wathibitishe utambulisho wao. Kwa hiyo dawa ya fomu ya uongo ni kuihakiki. Kwa mama lishe au fundi cherehani asiyeweza kubeba gharama za kusajili kampuni, jibu ni kwamba halazimiki kuwa na kampuni. Jina la biashara lina usajili wake mwepesi, ila haliikingi mali yake na madeni. Anayetaka kinga atoe taarifa, na serikali kwa upande wake ishushe ada hadi isiwe ada inayomfukuza.

Linabaki suala la wamiliki manufaa, ambalo Kenya ililiingiza katika sheria yake 2019 na Tanzania 2020. Taarifa hizo humfikia Msajili, lakini haziko wazi kwa kila mtu kama yalivyo majina ya wakurugenzi, na sababu inayotolewa ni faragha. Sababu hiyo si ya kupuuzwa. Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kifungu kilichozifungua taarifa za namna hiyo kwa umma wote, lakini ilikubali kwamba mwenye maslahi halali anaweza kupewa. Msambazaji anayetaka kupeleka bidhaa kwa mkopo wa siku 90 ana maslahi hayo, kwa sababu ni yeye atakayepata hasara kampuni ikianguka. Kanuni zetu zinapaswa kumtaja waziwazi, zieleze ombi lake lipelekwe wapi, na ziweke muda ambao lazima awe amejibiwa.