Dawa za Mitishamba na Mazoezi Tiba kati ya Kariakoo na Muhimbili: Historia ya Utafiti Uliogawanyika, 1974–2020

1.0 Utangulizi

Kutoka Soko Kuu la Kariakoo hadi lango la Muhimbili ni mwendo wa miguu usiofika saa moja. Upande mmoja wa njia hiyo huuzwa magome, mizizi, mbegu na majani yaliyokaushwa. Upande wa pili mimea hiyohiyo husagwa, huchujwa na kupimwa katika maabara. Mgonjwa wa kisukari anayeishi katikati ya jiji huweza kupita pande zote mbili ndani ya siku moja, akarudi nyumbani na vidonge vya kliniki katika mfuko mmoja na unga wa mbegu za zambarau katika mfuko mwingine. Huenda pia akawa ameagizwa kutembea nusu saa kila siku. Mambo hayo matatu hukutana katika mwili mmoja, lakini katika maandishi ya kitaaluma kila moja lina historia yake.

Insha hii inajadili jinsi mgawanyiko huo ulivyotokea. Hoja kuu ni kwamba tangu mwaka 1974 utafiti wa tiba jijini Dar es Salaam umefuata njia mbili zisizokutana: ya kwanza iliutenga mmea na maelekezo ya anayeutoa, na ya pili iliuchunguza mwenendo wa mwili bila kuuliza mwili huo unakunywa nini. Kila njia ilikuwa na sababu zake za kihistoria na ilileta manufaa. Hata hivyo, pengo lililobaki kati yake ndipo mahali ambapo mgonjwa wa leo anaishi.

2.0 Usuli: Wapagazi, Waganga na Shaka ya Dola

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Jengo la soko lililokuwa limejengwa na Wajerumani liligeuzwa kuwa sehemu ya kambi hiyo. Hivyo basi, jina la eneo linahifadhi kumbukumbu ya watu walioajiriwa kwa nguvu za miili yao na ambao wengi wao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Baada ya vita eneo hilo lilirudi kuwa soko na makazi ya Waafrika, likapokea wageni kutoka Uzaramo, Rufiji, Unyamwezi na kwingineko. Kila kundi lilikuja na maarifa yake ya dawa.

Dola ya kikoloni iliyatazama maarifa hayo kwa shaka. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilikuwa vimeuonyesha utawala wa Wajerumani kwamba dawa inaweza kuwaunganisha watu wa makabila mengi. Kinjikitile Ngwale, aliyehusishwa na maji ya Ngarambe, alinyongwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Waingereza nao walipitisha Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Ingawa sheria hiyo ililenga uchawi, mstari uliotenganisha mchawi na mganga haukuwa wazi kwa maofisa walioitekeleza. Kwa mfanyabiashara wa dawa wa mjini, jambo hili lilikuwa na athari ya moja kwa moja: kuuza gome la mti hakukuwa kosa, ila maneno yaliyofuatana na gome hilo yangeweza kumtia mashakani. Tofauti hii baina ya kitu na neno ni muhimu, kwa kuwa ilijirudia baadaye katika utafiti wa kisayansi.

Wakati huohuo, hospitali ilikuwa ikijengeka. Hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara aliyetoa fedha kwa ajili ya tiba ya wasio Wazungu, iliwahudumia Waafrika na Wahindi kwa miongo kadhaa. Mwaka 1956 nafasi yake ilichukuliwa na Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili.

3.0 Njia ya Kwanza: Kuuorodhesha Mmea

Mwaka 1974 kilianzishwa Kitengo cha Utafiti wa Dawa za Asili huko Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka uleule, Kariakoo ilikuwa ikijengewa soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika nchi hii, na lililofunguliwa mwaka 1975. Matukio haya mawili yalikuwa ya zama moja, yaani zama za siasa ya Kujitegemea, ambapo taifa lilitafuta kutumia rasilimali zake badala ya kuagiza kila kitu kutoka nje. Dawa ya asili ilihesabiwa kuwa mojawapo ya rasilimali hizo. Azimio la Alma Ata la mwaka 1978, lililohimiza huduma ya afya ya msingi na kuwatambua waganga wa jadi pale wanapohitajika, liliipa kazi hiyo uzito wa kimataifa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuorodhesha. Hedberg na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Uppsala nchini Sweden na wa Dar es Salaam, walichapisha orodha ya mimea inayotumiwa katika tiba za jadi nchini Tanzania kwa sehemu tatu, mwaka 1982 na 1983. Baada yao, Chhabra, Mahunnah na Mshiu walichapisha mfululizo kuhusu mimea ya dawa ya mashariki mwa Tanzania kuanzia mwaka 1987. Orodha hizi zilipangwa kwa familia za mimea, nazo familia zikafuatana kwa alfabeti.

Mpangilio huu unastahili kujadiliwa. Muuza dawa hapangi magunia yake kwa alfabeti. Huyapanga kwa maradhi, kwa mteja, na kwa dawa zinazochanganywa pamoja. Mizizi ya mchango hukaa karibu na ile ya tumbo la uzazi, kwa sababu mwenye kuulizia moja huenda akahitaji nyingine. Katika orodha ya alfabeti, mimea miwili inayochemshwa katika chungu kimoja hutenganishwa na kurasa nyingi, na mara nyingi kuchapishwa katika miaka tofauti. Kinachobaki ni jina la mmea, sehemu inayotumika na ugonjwa. Masharti hupungua: dawa inywewe kabla au baada ya kula, mgonjwa apige nyungu au akandwe, afanye kazi nzito au apumzike.

Hata hivyo, itakuwa si haki kuuona uorodheshaji huo kama hasara tupu. Jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili au mitatu tofauti, na gome lililokaushwa na kukatwa vipande ni vigumu kulitambua kwa macho. Sampuli iliyokaushwa, ikabandikwa na kuhifadhiwa katika hebaria, humwezesha mtafiti wa miaka thelathini baadaye kuthibitisha ni mmea gani hasa uliozungumziwa. Bila uthibitisho huo hakuna awezaye kusema dawa fulani ni salama au ni sumu. Kwa maneno mengine, alfabeti ilikuwa gharama ya uhakika.

Mwaka 1991 kitengo kilipandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Kazi ikasogea kutoka orodha hadi vipimo. Kipimo kilichotumika sana ni kile cha viduduchumvi, viumbe wadogo jamii ya kamba wanaoanguliwa katika maji ya chumvi, ambao hutiwa kwenye vimiminika vya mmea ili kuona wangapi wanakufa. Ni kipimo cha gharama nafuu kinachoifaa maabara isiyo na vifaa vya bei kubwa, na kwacho mimea mingi ya Tanzania ilichujwa kwa mara ya kwanza. Aidha, Moshi na Mbwambo (2002) waliwarudia waganga wenyewe na kuchunguza uzoefu wao katika kutibu kisukari kisichotegemea insulini. Kazi yao ni miongoni mwa chache zilizoanza na mtoa tiba kabla ya kufika kwenye mmea.

4.0 Njia ya Pili: Kuupima Mwenendo wa Mwili

Njia ya pili ilianzia katika kliniki. Katika miaka ya 1980, McLarty na wenzake walipima kisukari katika vijiji sita vya Tanzania na kuripoti mwaka 1989 kuwa wenye ugonjwa huo hawakufikia asilimia 1 ya watu wazima. Matokeo hayo yangeweza kuwafariji wapangaji wa afya. Mji, hata hivyo, ulikuwa na habari nyingine. Aspray na wenzake (2000) walililinganisha eneo la Ilala, jirani na Kariakoo, na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Ilala ilikuwa na kisukari kwa takribani asilimia 6 ya wanaume na wanawake, ilhali Shari kiwango hakikufika asilimia 2. Watafiti waliitaja sababu: unene, kutoshughulisha mwili na maisha ya mjini.

Unwin na wenzake (2010) walikwenda mbali zaidi. Waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja wahamiaji waliongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na idadi ya wanaume waliofanya kazi za kutoa jasho ilishuka kutoka takribani wanne kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne. Mkulima aliyeshika jembe alikuwa amekaa nyuma ya meza ya bidhaa.

Hapa historia ya jina la Kariakoo inapata maana mpya. Mahali palipoitwa kwa ajili ya wabeba mizigo pamekuwa mahali ambapo mbeba mizigo na msukuma mkokoteni bado wanatoa jasho, huku mwenye duka akikaa tangu alfajiri hadi usiku. Kwa mmoja, ushauri wa kufanya mazoezi hauna maana. Kwa mwingine, ni tiba. Lakini ushauri wa kitaifa ulitolewa kwa wote kwa pamoja. Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua jijini Dar es Salaam kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo.

Tafiti hizi za mwenendo zilihesabu uzito, shinikizo la damu, sukari na saa za kazi. Mitishamba haikuwa kiini cha maswali yake. Hivyo, kama vile orodha za mimea zilivyopunguza masharti ya mganga, vipimo vya mwenendo vilipunguza chungu kilichokuwa jikoni.

5.0 Pengo na Athari Zake

Kolling na wenzake (2010) walichunguza jinsi maskini wa Dar es Salaam wenye kisukari wanavyotafuta tiba, na kuonyesha kwamba wagonjwa huchanganya hospitali na tiba nyingine huku gharama zikiwa kikwazo kikubwa. Jambo hili si ujinga wala ukaidi. Mitishamba huweza kununuliwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya fedha iliyopo siku hiyo.

Hatari iko katika ukimya. Anayetumia vidonge vya kushusha sukari pamoja na mmea wenye uwezo kama huo anaweza kuishiwa sukari mwilini. Akiongeza na mazoezi makali kabla ya kula, hatari huzidi. Kinyume chake, anayeacha vidonge kwa kuutegemea mmea usiofanya kazi hupata madhara ya macho, figo na miguu. Zambarau ni mfano mzuri. Matumizi yake kwa kisukari yameenea kutoka Bara Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki na Amerika ya Kusini, lakini Teixeira na wenzake (2000) nchini Brazil hawakuona kuwa inashusha sukari katika majaribio yao. Matokeo hayo hayamalizi mjadala, kwa kuwa sehemu ya mmea na namna ya kuiandaa hutofautiana. Yanachoonyesha ni kwamba jina la mmea pekee halitoshi. Maelekezo ni sehemu ya dawa.

Ukimya huo una chanzo cha kihistoria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza na kuweka utaratibu wa usajili. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mwaka 2009 leseni za waganga zilifutwa kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na mwaka 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Ulinzi wa uhai ulidai hatua kali. Lakini muuza mizizi asiyepiga ramli naye alijifunza kwamba kusema machache ni salama zaidi. Mgonjwa naye huogopa kukaripiwa kliniki.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ukimya ulivunjika kwa muda. Tangawizi, ndimu na majani ya kujifukizia vilitajwa hadharani na viongozi, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikatoa mchanganyiko wa NIMRCAF. Dawa ya jikoni ilipata heshima ya ghafla, ila bila muda wa majaribio ambayo heshima hiyo ilihitaji. Shaka ya mwaka 1928 na shangwe ya mwaka 2020 zinafanana kwa jambo moja: zote zilitoa hukumu kabla ya kipimo.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa utafiti wa mitishamba na utafiti wa mazoezi tiba ulikua katika jiji moja, kwa kipindi kimoja, ukiwahusu watu walewale, bila kuzungumzana. Uorodheshaji ulileta uhakika wa majina na kupoteza masharti. Vipimo vya mwenendo vilifichua gharama ya maisha ya mjini na kuyapita matumizi ya dawa za asili. Historia ya shaka ya dola iliwafanya watoa dawa na wagonjwa kunyamaza, na ukimya huo ukalifanya pengo lisionekane.

Kutokana na matokeo hayo, inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zirekodi dawa pamoja na maelekezo yake yote, yakiwemo ya chakula, kazi na mazoezi, na kwamba kila utafiti wa mwenendo miongoni mwa wagonjwa wa kisukari uulize kuhusu mitishamba bila lugha ya lawama. Kazi hiyo haihitaji maabara mpya. Inahitaji mtafiti wa Muhimbili atembee mwendo ule usiofika saa moja hadi Kariakoo, na muuza dawa awe na hakika kwamba akijibu swali hatashtakiwa kwa jibu lake.