Leseni Tuliyoisahau

Tulipoandika programu ya kukokotoa takwimu za mvua, sisi watatu, hakuna aliyeuliza ni mali ya nani. Swali hilo lingeonekana la uchoyo. Miaka minne baadaye mwenzetu mmoja alikuwa amehamia kwingine, na wanafunzi wa chuo jirani wakatuomba nakala. Hatukuweza kuwapa. Kipande kimoja kilinakiliwa kutoka kitabu kisichoruhusu kugawa. Kingine, mwajiri wa mwenzetu alidai ni chake. Programu ikafia katika diski.

Tangu hapo nimekuwa nikichungulia wengine walifanyaje, na kisa ninachokirudia ni cha R, programu ya takwimu. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakifuata mfano wa lugha ya S iliyobuniwa Bell Labs, Marekani. Wangeweza kuiuza. Martin Mächler, mtakwimu wa Zürich, ndiye aliyewashawishi waitoe pamoja na maandishi yake yote ya ndani, nao wakafanya hivyo Juni 1995 chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo, iliyotungwa na Richard Stallman na kutolewa 1989, humruhusu yeyote kutumia, kubadili na kugawa. Ila anayegawa alichobadili sharti atoe na maandishi yake, kwa masharti yale yale. Mwaka 1997 likaundwa kundi la watunzaji kutoka nchi mbalimbali. Sidhani wageni wale wangetoa jasho lao kwa kitu ambacho kesho kingefungiwa kabatini.

Wapo waliochagua vingine. John Hunter, mwanzilishi wa matplotlib, aliwahimiza wanasayansi wanaotumia Python wachukue leseni ya namna ya BSD, isiyodai kurudishiwa maboresho, ili hata makampuni yaingie bila hofu. NumPy nayo ina BSD. Zamani niliuona huo kuwa ni kuacha mlango wazi usiku. Siku hizi sina ujasiri huo, maana wachangiaji wao hawakukauka.

Kwetu, yoyote kati ya hizo mbili ingetulazimisha siku ya kwanza kuulizana kile kipande cha kitabuni kilitoka wapi. Diski ninayo bado. Mwaka jana nilimwandikia mwenzetu. Akajibu kwamba yeye hana kinyongo, ila saini si yake.