Chini ya Reli Ndogo

Inama utazame chini ya meza. Kazi ngumu iko huku.

Reli hii ya treni za mfano ni ya kipimo cha OO cha Uingereza. Treni imepunguzwa mara 76, lakini upana wa reli, milimita 16.5, haulingani nayo: kwa hesabu sahihi ungekaribia 19. Mota za zamani hazikuenea ndani ya vichwa vidogo vya treni vya Kiingereza, hivyo mabehewa na vichwa vikakuzwa, reli ikaachwa ilivyo.

Meza ni plaiwudi juu ya fremu ya mbao. Seremala asiyeuliza mapema reli itachepukia wapi hujikuta amepigilia boriti palepale panapotakiwa mota ya kuchepusha reli.

Mota hiyo haizunguki. Ni koili mbili za waya wa shaba, katikati kuna kipande cha chuma. Umeme ukipita koili moja, chuma huvutwa upande huo, na pini inayopenya tundu la ubao husukuma ndimi za reli: tak! Kitufe cha umeme kikikwama, koili huungua, na harufu yake haisahauliki. Ndiyo maana hufungwa kapasita, ambayo hutoa chaji yake yote kwa mkupuo mmoja, kisha umeme hukatika.